Protini moja, namba nne: jinsi maabara zinavyopima mshikamano wa saitokini na vipokezi vyake

Ukiwauliza wataalamu wanne wa maabara intaliukini-2 inashikana na kipokezi chake kwa nguvu kiasi gani, huenda ukapewa majibu manne yaliyopishana mno. Wa kwanza atataja nanomola 10. Wa pili atasema nanomola 1. Wa tatu atashusha hadi pikomola 10, na wa nne atakuambia kwamba mshikamano wenyewe ni hafifu, namba yake ni nanomola 100 na zaidi. Kati ya jibu la kwanza na la tatu pana tofauti ya mara 1,000, na bado hakuna aliyekosea, kwa sababu kila mmoja amepima kitu chake kwa njia yake. Makala hii inaeleza njia hizo, na hasa inaeleza kwa nini namba inayotoka maabara haisomeki sawasawa mpaka ijulikane ilivyopatikana.

Saitokini ni protini ndogo ambazo seli, hasa za mfumo wa kinga, huzitoa ili kuzielekeza seli nyingine zigawanyike, zikomae, zishambulie, zitulie au zife. Maelekezo hayo hayafiki mpaka saitokini ishikwe na kipokezi, yaani protini iliyopenya utando wa seli, upande wake mmoja ukiwa nje na mwingine ndani. Intaliukini-2, inayochochea seli T (aina ya seli nyeupe za kinga) kuongezeka, hushikwa na kipokezi chenye minyororo mitatu: alfa, ambao pia huitwa CD25, kisha beta, kisha gama. Si kila seli inayo yote mitatu. Seli T zilizoamshwa na seli T dhibiti zinayo yote. Seli nyingi za NK, yaani seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa, na seli T za kumbukumbu zina beta na gama bila alfa. Hapo ndipo fumbo la namba nne linapoanzia.

Namba yenyewe huitwa kima cha utengano, na wanasayansi huiandika Kd. Ni ule ukolezi wa saitokini ambao, mambo yote yakishatulia, nusu ya vipokezi inakuwa imeshikwa. Kwa hiyo Kd ikiwa ndogo, mshikamano ni mkubwa, na huu ni ugeuzaji ambao umewachanganya wasomaji wengi wapya, pamoja na baadhi ya wale ambao si wapya. Nanomola ni sehemu moja ya bilioni ya mola katika lita. Pikomola ni sehemu moja ya trilioni. Ukolezi ukiwa mara 9 ya Kd, vipokezi 90 katika kila 100 hushikwa; ukiwa sehemu moja ya tisa ya Kd, hushikwa 10 tu.

Nyuma ya namba hiyo moja zimejificha kasi mbili: kasi ya kushikana na kasi ya kuachana. Kd ni kasi ya kuachana ikigawanywa kwa kasi ya kushikana. Jozi mbili za protini zinaweza kuwa na Kd ileile ilhali moja inashikana upesi na kuachana upesi, na nyingine inakawia katika yote mawili. Kwa seli inayosubiri taarifa, tofauti hiyo ni kubwa, na kwa mtu aliye maabara akitazama saa yake ni kubwa zaidi, kama tutakavyoona.

Kuhesabu mionzi kwenye seli

Njia ya kale, ambayo bado ina heshima yake, ni kuitia saitokini alama ya mionzi na kuipeleka kwa seli hai. Alama iliyozoeleka ni ayodini-125, ambayo nusu uhai wake ni takriban siku 60 na ambayo hushikizwa kwenye asidi amino iitwayo tirosini. Hapo hapo pana hatari ya kwanza: tirosini iliyopachikwa ayodini ikiwa ndiyo inayogusana na kipokezi, mpimaji atakuwa ameiharibu protini yake kabla ya kuanza kazi. Mtu makini hupima kwanza kama protini yenye alama bado inaamsha seli kama ilivyokuwa ikifanya zamani.

Kazi yenyewe ina kitendo kimoja ambacho hakisahauliki kwa aliyewahi kukifanya. Seli na saitokini huchanganywa na kuachwa kwa muda, kisha mchanganyiko humiminwa taratibu juu ya mafuta yaliyotiwa kwenye kijitubu chembamba cha plastiki. Mafuta hayo huchaguliwa uzito wake uwe katikati: mazito kuliko maji, mepesi kuliko seli. Kijitubu kikizungushwa kwenye sentrifuji, seli hupenya mafuta na kutua chini zikiwa na saitokini zilizoshikwa, na majimaji yenye saitokini huru hubaki juu. Ncha ya kijitubu hukatwa kwa wembe au koleo, ikaangukia kwenye chombo cha kuhesabia mionzi ya gama. Kilichomo kwenye ncha ndicho kilichoshikwa. Kilichobaki juu ndicho kilicho huru. Uzuri wa mafuta ni kwamba utenganisho hukamilika kwa sekunde chache, kwa hiyo saitokini nyingi hazipati nafasi ya kuachia njiani.

Lakini si kila kilichomo kwenye ncha kimeshikwa na kipokezi. Protini hunata kwenye plastiki, kwenye utando, popote. Kwa hiyo kila kipimo hufanywa mara mbili: mara moja kwa saitokini yenye alama peke yake, na mara ya pili ikiwa imewekwa pamoja na saitokini isiyo na alama kwa wingi wa mara 100 au zaidi. Katika kipimo cha pili vipokezi vyote vinakuwa vimejazwa na ile isiyo na alama, hivyo mionzi inayosalia ni ya kunata tu, nayo hutolewa kwenye hesabu ya kwanza.

Kwa njia ya namna hii Robb, Munck na Smith walionyesha mwaka 1981 kwamba seli T zilizoamshwa zina vipokezi vinavyoshika intaliukini-2 katika ukolezi wa pikomola chache, uleule unaotosha kuzifanya seli ziongezeke. Miaka michache baadaye, wapimaji walipoongeza ukolezi wa saitokini yenye alama mara nyingi zaidi, palijitokeza kundi la pili la vipokezi, vingi kuliko vya kwanza, vyenye Kd ya takriban nanomola 10. Vilikuwepo siku zote. Ukolezi wa pikomola ulikuwa mdogo mno kuvigusa.

Takwimu za namna hii zilisomwa kwa mchoro uliobuniwa na George Scatchard mwaka 1949, ambapo saitokini iliyoshikwa hugawanywa kwa iliyo huru, na matokeo huchorwa dhidi ya iliyoshikwa. Kipokezi kikiwa cha aina moja, alama hujipanga kwenye mstari ulionyooka. Zikiwa aina mbili, mstari hupinda. Mchoro huu ulipendwa kwa sababu ulihitaji rula tu. Tatizo lake ni kwamba kiasi kilichoshikwa kimo katika mihimili yote miwili, hivyo kosa dogo la kuhesabu hujirudia pande zote na kuupinda mstari ambao haukustahili kupinda. Siku hizi kompyuta hulinganisha takwimu ghafi na mlinganyo moja kwa moja, na kwa maoni yangu mchoro wa Scatchard unafaa kubaki kama picha ya kumwonyesha msomaji, usitumike kama chombo cha kukokotolea.

Saa, na uhaba wa saitokini

Makosa mengi ya Kd hayatokani na mashine. Hutokana na kutosubiri. Tuchukue kipokezi kamili cha intaliukini-2, chenye Kd ya pikomola 10, na tukadirie kwamba saitokini ikishashikwa huchukua karibu saa 5 kwa nusu yake kuachia. Ukiweka saitokini ya nanomola 1, mshikamano hufika nusu ya kikomo chake kwa takriban dakika 3. Ukiweka pikomola 1, hatua hiyohiyo huchukua zaidi ya saa 4, na kufikia asilimia 97 ya kikomo huchukua karibu saa 22. Mpimaji anayesimamisha vijitubu vyote baada ya saa moja anapata jibu sahihi kwenye ukolezi mkubwa, na kwenye ukolezi mdogo anapata asilimia 15 tu ya kile ambacho kingeshikwa. Mkunjo wa takwimu zake utasogea upande wa kulia, Kd itaonekana kubwa kuliko ilivyo, na hakuna chochote kwenye mchoro kitakachomwonya, kwa kuwa mkunjo wenyewe utapendeza macho. Dawa ni rahisi na inachosha: kurudia kipimo kwa muda mrefu zaidi na kuona kama namba inahama.

Hata hivyo seli hai haziwezi kuachwa saa 22 kwenye joto la mwili. Intaliukini-2 ikishashikwa na kipokezi kamili, nusu ya vipokezi hivyo humezwa na seli ndani ya takriban robo saa, na kilichomezwa hakiwezi tena kuachia. Kipimo kinakuwa cha ulaji wa seli, si cha mshikamano. Ndiyo maana seli huwekwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, ambapo umezaji husimama. Lakini baridi hiyohiyo hupunguza kasi ya kushikana na ya kuachana, na muda wa kusubiri huzidi kurefuka. Mpimaji huchagua ubaya anaoweza kuuvumilia.

Mtego wa pili ni uhaba. Mlinganyo wa Kd unadhani kwamba kiasi cha saitokini huru hakipungui hata baadhi yake inaposhikwa. Sasa fikiria mililita moja yenye seli milioni 5, kila seli ikiwa na vipokezi 10,000. Hivyo ni vipokezi bilioni 50, ambavyo kwa lugha ya ukolezi ni takriban pikomola 83. Ukimwaga humo saitokini ya pikomola 10 ukitarajia kupima Kd ya pikomola 10, vipokezi vitaifyonza karibu yote, na unachosoma kitakuwa wingi wa vipokezi vyako. Kanuni ya wapimaji wazoefu ni kwamba ukolezi wa vipokezi uwe chini kabisa ya Kd inayotafutwa, ikiwezekana sehemu moja ya kumi, na kiasi huru kipimwe badala ya kudhaniwa.

Bamba la dhahabu

Njia inayotawala maabara za leo haina mionzi wala seli. Inaitwa rezonansi ya plasmoni ya uso, na chombo chake cha kwanza cha kibiashara, Biacore, kilitoka Sweden mwaka 1990. Kipokezi, au tuseme ile sehemu yake inayokaa nje ya seli, hufungwa kwenye bamba la kioo lililopakwa dhahabu nyembamba ya takriban nanomita 50, na juu ya dhahabu pana nyuzi za sukari iitwayo dekstrani. Mwanga hupigwa kutoka nyuma ya bamba, na kwenye pembe fulani sehemu ya mwanga huo humezwa na elektroni za dhahabu badala ya kurudi. Pembe hiyo huhama kila uzito unapoongezeka upande wa pili. Mashine husoma mhamo huo kwa vipimo vya mwitiko, ambapo kipimo kimoja ni takriban pikogramu 1 ya protini katika milimita moja ya mraba.

Anayekaa mbele ya kioo cha kompyuta huona mstari mlalo, tulivu, wakati bafa tupu, yaani majimaji yasiyo na saitokini, inapita. Saitokini inapoingizwa, mstari hupanda, kwanza kwa kasi, kisha kwa kulegea, mpaka unapokaribia kuwa bapa tena. Bafa tupu ikirudishwa, mstari huanza kushuka. Kupanda kunaeleza kushikana na kuachana kwa pamoja; kushuka kunaeleza kuachana peke yake. Hapa ndipo njia hii inapozidi ile ya mionzi: kasi zote mbili zinaonekana zikitendeka, hazikisiwi baadaye.

Uzuri huo una gharama zake. Kipokezi kikifungwa kwa kemikali inayoshika asidi amino yoyote ya lisini, baadhi ya molekuli zitafungwa zikiwa zimeangalia chini, mdomo wake umeziba. Ni heri kuweka bayotini, molekuli ndogo ya kufungia, mahali pamoja panapojulikana, mbali na eneo la mshikamano, na kuifunga kwa streptavidini, protini inayoikamata bayotini kwa nguvu. Kipokezi kikiwekwa kwa wingi mno, saitokini hushikwa upesi kuliko inavyoletwa na mtiririko, na mstari unaopanda huonyesha kasi ya maji badala ya kasi ya protini. Wakati wa kuachana, molekuli iliyoachiwa hunaswa na kipokezi cha jirani kabla haijasombwa, na kuachana huonekana kwa pole kuliko kulivyo. Mtu akiniuliza nitazame nini kwanza kwenye mchoro wa namna hii, nitasema: tazama kama kasi zilibaki zilezile pale wingi wa kipokezi ulipopunguzwa na mtiririko ulipoongezwa.

Lipo pia suala la nani afungwe na nani aelee. TNF, saitokini ya uvimbe, huundwa na vipande vitatu vinavyofanana. Ikielea juu ya bamba lililojaa vipokezi, TNF moja inaweza kushika viwili au vitatu kwa mpigo, na ili iondoke lazima iachie vyote kwa wakati mmoja. Geuza mpangilio, TNF ifungwe na kipokezi kimojakimoja kielee, na mshikamano utaonekana hafifu zaidi sana. Namba ya kwanza inapima mikono mingi, ya pili inapima mkono mmoja. Kosa hilihili hujitokeza pale kipokezi kinachoelea kimeunganishwa na mkia wa kingamwili, kwa kuwa mkia huo hukifunga katika jozi bila mtafiti kukusudia.

Njia nyingine nazipitia upesi. Ipo ya kupima safu juu ya ncha ya uzi wa kioo, ambayo huchovya uzi huo kwenye vijishimo vya sampuli na kusoma mawimbi ya mwanga yanavyoingiliana. Ni ya haraka na mitego yake ni ya ukoo mmoja na ya bamba la dhahabu. Ipo kalorimetria, inayopima joto linalotolewa au kunyonywa protini mbili zinapokutana zikiwa zote huru ndani ya maji, nayo hutoa pia idadi ya molekuli zinazoungana, lakini hula protini nyingi na huanza kushindwa mshikamano unapokuwa mkali kuliko nanomola 1. Saitometria ya mtiririko, ambapo saitokini yenye rangi ing'aayo hupimwa seli moja baada ya nyingine, inafaa sana mchanganyiko wa seli unapokuwa na aina nyingi.

Mnyororo uliofichika

Turudi kwa wale wataalamu wanne. Nanomola 10 ni mnyororo wa alfa peke yake, unaoishika intaliukini-2 upesi na kuiachia ndani ya sekunde chache. Nanomola 1 ni beta na gama pamoja, ambazo zinakawia kuishika na zinakawia zaidi kuiachia. Pikomola 10 ni yote mitatu, yenye wepesi wa alfa katika kudaka na ukaidi wa wenzake katika kushikilia. Kwa mantiki ya kawaida mtu angetegemea kwamba kupima kila sehemu peke yake kunatosha kutabiri jumla. Hakutoshi. Mfano mkali zaidi ni intaliukini-6: kipokezi chake cha alfa huishika kwa nguvu ya nanomola, ilhali mwenza wake gp130, akiwa peke yake, haonyeshi mshikamano nayo unaopimika. Gp130 hutambua uso unaoundwa na wawili hao wakiwa wameshaungana, na matokeo ni jengo la molekuli sita, mbili za kila aina. Anayeweka gp130 kwenye bamba na kupitisha intaliukini-6 tupu angeandika kwamba hazihusiani.

Katika miaka ya 1980, kipimo kilichoitwa cha beta kilifanywa kwenye seli za damu zisizo na alfa, na kilitoa nanomola 1. Beta hiyohiyo ilipoingizwa kwenye seli zisizo za damu, mshikamano huo haukuonekana. Mtu mvivu angesema seli hizo hazikuikunja protini vizuri. Wengine waliisoma tofauti hiyo kama dalili kwamba seli za damu zilikuwa na kitu cha ziada ambacho hakikuhesabiwa, na mwaka 1992 jeni la mnyororo wa gama likapatikana. Baadaye ikafahamika kwamba gama hutumiwa pia na intaliukini-4, 7, 9, 15 na 21, na kwamba kasoro katika jeni lake huwafanya watoto wazaliwe karibu bila kinga.

Namba ya nne, ile ya beta peke yake, ilichelewa kupata kipimo cha kuaminika kwa sababu ya namna seli zilivyokuwa zikitenganishwa na kuoshwa. Mshikamano hafifu kiasi hicho huachia upesi, na baada ya kuoshwa mara moja au mbili hakuna kinachobaki cha kuhesabu. Bamba la dhahabu halioshi kabla ya kusoma. Husoma huku protini ikipita, kwa hiyo hata kinachoshikwa na kuachwa papo hapo huacha alama. Mwaka 2012 watafiti walitangaza intaliukini-2 waliyoibadilisha asidi amino chache hadi mshikamano wake na beta ukaongezeka takriban mara 200. Ongezeko hilo lilisomwa kwanza kati ya protini mbili juu ya bamba. Kisha protini hiyo ikapelekwa kwa seli T zisizo na CD25, na ndani ya seli hizo protini iitwayo STAT5, inayopeleka taarifa ya kipokezi, ikapata fosfeti, dalili kwamba taarifa imefika, katika ukolezi wa saitokini ulio chini mno kuliko ule unaohitajika kwa intaliukini-2 ya kawaida.